Duka Lisilouza Kitu na Mkoba Uliofika Mahakamani

Barabara kuu namba 90 ya Marekani, inapokatiza magharibi ya jimbo la Texas, hupita katika nchi kavu ya majani mafupi, ng'ombe wa hapa na pale, na reli inayoambatana na lami kwa maili nyingi. Miji ni michache na midogo. Mmoja wao ni Valentine, wenye wakazi wasiofika 200. Nje kidogo ya mji huo, kando kabisa ya barabara, tarehe 1 Oktoba 2005 lilizinduliwa duka la Prada. Lilikuwa na kuta nyeupe, vioo viwili vipana, jina la kampuni juu ya kila kioo, zulia safi na rafu zilizopangwa kwa unadhifu. Juu ya rafu viliwekwa viatu vya visigino virefu na mikoba sita, vyote vya msimu huohuo. Mlango lilikuwa nao, ila haufunguki, na tangu mwanzo haukukusudiwa kufunguka.

Waliolijenga walikuwa wasanii wawili wenye makao yao Berlin: Michael Elmgreen wa Denmark na Ingar Dragset wa Norway. Waliliita Prada Marfa, kwa jina la mji wa Marfa ulio mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka hapo, na walilihesabu kuwa sanamu, ingawa lina umbo la duka. Shabaha ya dhihaka yao ilikuwa tabia waliyoiona ikikua mbele ya macho yao: jina la kampuni kuheshimiwa kuliko kitu chenyewe, na watu kusafiri mbali ili wasimame tu karibu na jina hilo.

Tabia hiyo ilikuwa na historia yake. Louis Vuitton alifungua karakana yake ya masanduku ya safari mjini Paris mwaka 1854. Mwanawe Georges ndiye aliyebuni, mwaka 1896, ile michoro ya herufi L na V iliyochanganywa na maua, ili iwe kinga dhidi ya waigaji. Alama iliyobuniwa kuthibitisha kwamba sanduku ni la kweli ikaja kuwa ndiyo inayonunuliwa, na sanduku likawa kisingizio. Kufikia miaka ya 1990 kampuni nyingi za Ulaya zilizoanza kama karakana za kifamilia zilikuwa zimegeuka mashirika makubwa yanayouza hisa, na nembo ndiyo iliyokuwa mtaji wao mkubwa. Wasanii hawakuchelewa kuliona hilo. Mwaka 1998 Mmarekani Tom Sachs alitengeneza mashine ya kukatia vichwa kama ile ya Mapinduzi ya Ufaransa, akaipamba kwa nembo ya Chanel.

Elmgreen na Dragset waliingia kwa njia ya upole zaidi. Mwaka 2001 walialikwa kuonyesha kazi zao New York, katika ukumbi wa Tanya Bonakdar mtaani Chelsea. Zamani Chelsea palikuwa mahali pa maghala na gereji. Wasanii walikuja kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, wauza sanaa wakawafuata wasanii, na baada yao wakaja wenye maduka ya nguo za bei kubwa. Wawili hao wakabandika kwenye kioo cha ukumbi tangazo la kwamba duka la Prada litafunguliwa hapo karibuni. Mwaka huohuo Prada yenyewe ilifungua duka lake kubwa la SoHo, lililosanifiwa na Rem Koolhaas, katika jengo lililokuwa tawi la makumbusho ya Guggenheim. Utani wa Chelsea ulikuwa umetimia mitaa michache upande wa kusini.

Kutoka hapo hadi Marfa ilikuwa hatua moja ya fikra. Marfa ulianza kama kituo cha reli, ukawa mji wa wafugaji na wa kambi ya jeshi, kisha ukadorora. Katika miaka ya 1970 mchongaji Donald Judd aliikimbia New York akahamia huko, akanunua majengo moja baada ya jingine, na mwaka 1986 akaifungulia umma taasisi yake ya Chinati, ambako masanduku yake ya alumini na ya zege yamepangwa kwa safu katika mwanga wa jangwa. Judd alifariki mwaka 1994. Baada yake walikuja mahujaji wa sanaa, na kwa ajili yao zikaja hoteli, mikahawa na bei za nyumba zisizolingana na kipato cha wenyeji. Elmgreen na Dragset wakajiuliza: ikiwa fedha huifuata sanaa popote inapokwenda, itaifuata hadi jangwani? Duka lao lilikuwa jibu lililotangulia tukio. Na kwa anayezijua kazi za Judd, kulikuwa na kijembe cha pili: zile rafu zenye mistari minyoofu zinafanana mno na masanduku ya bwana mkubwa wa Marfa. Maduka ya anasa yalikuwa yamekwisha kuazima hata utawa wake.

Gharama za ujenzi, takriban dola 80,000, zilisimamiwa na mashirika mawili ya sanaa, Art Production Fund la New York na Ballroom Marfa la hapohapo. Wasanifu Ronald Rael na Virginia San Fratello walitumia matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ujenzi wa kale wa eneo lile. Uamuzi huo ulikuwa sehemu ya maana ya kazi. Duka lisingekarabatiwa. Mvua ingelila plasta, upepo ungeziparura kuta, viatu vingepauka, na mwishowe udongo ungerudi kuwa udongo huku mitindo ya 2005 ikiwa imesahaulika zamani. Mpita njia angeshuhudia kwa miaka jinsi kitu kinachoitwa cha kisasa kinavyochakaa.

Jina la Prada lilihitaji idhini. Kampuni nyingi zingejibu kwa barua ya wakili, lakini hii ilijibu vingine. Miuccia Prada, mjukuu wa Mario Prada aliyefungua duka la bidhaa za ngozi mjini Milano mwaka 1913, hakuwa mwanamke wa kushtushwa na mzaha wa kisiasa. Ana shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa, ujanani alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Italia, na tangu mwaka 1993 alikuwa akifadhili maonyesho ya sanaa ya kisasa. Alikubali jina litumike, tena akachagua mwenyewe viatu na mikoba ya kuwekwa ndani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku ile dhihaka ilikuwa na baraka ya mdhihakiwa, na swali lililobaki ni maji kiasi gani yangeingia.

Wa kwanza kulijaribu duka hilo hawakuwa wahakiki. Hazikupita siku nyingi tangu lizinduliwe, watu wakalivunja, wakabeba mikoba na viatu, na kupaka ukutani maneno ya kuliita jambo la kipumbavu. Viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kulia, kwa hiyo hasara ya mwizi ilikuwa kubwa kuliko ya wenye duka. Wahusika walikuwa na njia mbili: kuacha magofu yaanze mapema, kama falsafa ya kazi ilivyodai, au kutengeneza. Wakatengeneza. Prada ikatoa mali nyingine, viatu tena vikawa vya mguu mmoja, na safari hii mikoba ikakatwa vitako na kufungiwa mitambo ya tahadhari. Duka lililojengwa ili life likawekewa ulinzi. Msanii aliyetaka muda uishinde anasa alilazimika kuilinda anasa isishindwe kabla ya wakati, na tangu hapo kuta zimekuwa zikipakwa rangi upya kila zikichafuliwa.

Wakati Texas wakiwaza ulinzi, dhihaka ya aina nyingine ilikuwa ikichorwa Ulaya, nayo haikuomba idhini ya mtu.

Nadia Plesner, Mdenmark mwingine, alikuwa mwanafunzi wa sanaa katika chuo cha Gerrit Rietveld mjini Amsterdam. Mwaka 2007 vita vya Darfur, magharibi ya Sudan, vilikuwa vimefikia mwaka wa nne. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni mbili wameyakimbia makazi yao. Lakini kurasa za mbele na taarifa za habari zilikuwa na nafasi zaidi kwa Paris Hilton, mrithi tajiri wa Marekani aliyejulikana kwa kujulikana, mkoba mkononi na mbwa kifuani. Plesner akafanya hesabu nyepesi: kama mkoba na mbwa vinatosha kumfikisha mtu ukurasa wa mbele, basi wapewe wanaostahili kuonekana. Akamchora mtoto wa Kiafrika aliyekondeana kwa njaa, mbwa mdogo aliyevishwa nguo mkononi, na begani mkoba unaofanana sana na mmoja wa mikoba ya rangi nyingi ya Louis Vuitton. Mchoro huo, Simple Living, aliuchapa kwenye fulana na mabango, na faida akaielekeza kwa kampeni ya kuisaidia Darfur.

Mkoba alioufananisha ulikuwa na ukoo wake katika sanaa. Ulitokana na ushirikiano ulioanza mwaka 2003 kati ya Louis Vuitton na msanii wa Japani Takashi Murakami, aliyezitapanya herufi za mwaka 1896 kwa rangi nyingi juu ya turubai jeupe. Aprili 2008 maonyesho makubwa ya Murakami yalipofika makumbusho ya Brooklyn, katikati ya kumbi liliwekwa duka halisi la Louis Vuitton, na wageni walinunua mikoba kama sehemu ya maonyesho. Usiku wa hafla ya ufunguzi kampuni ilipanga nje meza za kuigiza wachuuzi wa mikoba feki wa mitaani, ila mikoba iliyokuwa juu ya meza ilikuwa ya kweli. Kampuni ilijua kutania, mradi mtani awe wake.

Kwa Plesner haikutania. Mapema mwaka huohuo wa 2008 ilimwandikia barua, na mwezi Machi mahakama ya Paris ikamwamuru aache kuutumia mkoba ule, kwa tishio la faini ya euro 5,000 kwa siku. Mwanafunzi asiye na kipato cha kushindana na shirika kubwa la anasa hakuwa na mengi ya kuchagua. Fulana zikaondolewa sokoni. Lakini habari za mwanafunzi aliyetishwa kwa sababu ya mtoto wa kuchora zilizunguka dunia, na kwa mara ya kwanza mchoro wake ukawafikia watu ambao kampeni yake isingewafikia kamwe.

Miaka miwili baadaye alirudi na kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1937 Pablo Picasso alikuwa amechora Guernica, turubai la karibu meta nane kwa meta tatu na nusu, baada ya ndege za Ujerumani na Italia kuupiga mabomu mji wa Guernica nchini Hispania. Mwaka 2010 Plesner alichora Darfurnica kwa ukubwa uleule. Humo alichanganya matukio ya mauaji ya Darfur na sura za watu mashuhuri wa Hollywood na mambo ambayo magazeti yaliyachagua badala yake. Kati yao alisimama tena yule mtoto, na mkoba wake.

Mwezi Januari 2011 turubai hilo lilikuwa likionyeshwa Copenhagen. Louis Vuitton ilikwenda mahakama ya The Hague, Uholanzi, ikapata amri ya zuio bila upande wa pili kusikilizwa. Msingi wake ulikuwa haki ya muundo uliosajiliwa katika Umoja wa Ulaya, na adhabu ilikuwa ileile: euro 5,000 kwa kila siku ya ukaidi. Safari hii Plesner hakuuondoa mkoba. Siku zilikwenda, na hesabu ya deni ikapita euro 200,000. Akafungua shauri la kuomba zuio liondolewe.

Hoja ya kampuni haikuwa ya kipuuzi. Ilisema haina uhusiano wowote na vita vya Darfur, kwamba mchoro unaliunganisha jina lake na janga isilolisababisha, na kwamba mchoraji angeweza kuueleza ujumbe wake bila bidhaa ya mtu. Plesner alijibu kwamba mkoba ulikuwa alama ya kitu kizima, yaani macho ya dunia yanapoelekea, na kwamba bila alama inayotambulika mara moja mchoro usingesema lolote. Tarehe 4 Mei 2011 jaji alitoa uamuzi. Aliweka katika mizani haki ya mali ya kampuni na kifungu cha 10 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda uhuru wa kujieleza, na akaona uhuru wa msanii ni mzito zaidi. Alizingatia kwamba kampuni iliyojitafutia umaarufu mkubwa namna ile, kwa matangazo na kwa watu mashuhuri, lazima ivumilie ukosoaji kwa kiwango kikubwa kuliko isiyojulikana. Zuio liliondolewa tangu tarehe lilipowekwa, hivyo faini yote ikafutika, na Louis Vuitton ikaamriwa kulipa gharama za kesi, kiasi cha euro 15,000.

Miaka miwili baada ya hapo, zamu ya sheria ikafika Texas, na huko ikauliza swali lililogeuzwa kichwa chini. Mwaka 2013 gazeti la Playboy lilimwagiza msanii Richard Phillips aweke kando ya barabara hiyohiyo, karibu na Marfa, nembo yake ya sungura ikiwaka taa juu ya mlingoti mrefu. Idara ya uchukuzi ya jimbo iliitaja kuwa tangazo lisilo na kibali, ikaondolewa. Lakini idara ilipokwisha kuliona moja, ililazimika kuliona na la pili. Sheria ya mwaka 1965 ya kupendezesha barabara kuu, iliyopiganiwa na Lady Bird Johnson, mke wa rais Lyndon Johnson na mwanamke wa Texas, inazuia mabango ya biashara kwenye barabara za namna ile bila kibali. Maafisa walitazama: jina la kampuni, bidhaa za kampuni, kando ya barabara. Wakatamka kwamba Prada Marfa ni tangazo haramu.

Wasanii walipinga kwa nguvu. Prada haikuwaagiza kazi ile wala haikuwalipa kuitangaza, na duka lisilouza kitu haliwezi kuwa tangazo la duka. Katika hilo ukweli ulikuwa upande wao. Hata hivyo maafisa wa barabara, ambao huenda hawakuwahi kusoma uhakiki wa sanaa, walikuwa wamesema jambo ambalo wahakiki walikuwa wakilizunguka kwa miaka minane: kwa dereva anayepita kwa kasi, nembo inayodhihakiwa na nembo inayosifiwa ni nembo ileile. Mwaka 2014 ufumbuzi ukapatikana kwenye karatasi. Ballroom Marfa ilikodi kiwanja, na duka likatambuliwa kuwa makumbusho yenye kitu kimoja cha kuonyeshwa, ambacho ni lenyewe.

Mwaka huohuo, kabla ya ufumbuzi huo, mtu mmoja alilivamia usiku, akazipaka kuta rangi ya buluu, akabandika matangazo ya viatu vya TOMS na waraka wa kulaani ulafi wa manunuzi. Kampuni ya TOMS ilikana kuhusika. Mvamizi alikiri kosa mahakamani, akatozwa faini na kuamriwa kulipa fidia. Mlolongo huo unastaajabisha: dhihaka juu ya anasa ilishambuliwa na mtu aliyedhani ni anasa yenyewe, na serikali ikaitetea dhihaka kama inavyotetea duka.

Kufikia hapo Prada Marfa ilikuwa na maisha ambayo waliolijenga hawakuyapanga. Kibao chenye jina lake na umbali wa maili 1,837 kilikuwa kimeonekana ukutani katika tamthilia ya Gossip Girl, kipindi kilichohusu vijana matajiri wa New York. Beyoncé alipiga picha akiruka mbele yake. Watalii huendesha saa nyingi ili wapige ya kwao, huacha kadi zao za kazi zikikandamizwa na mawe, kisha huondoka. Lile lililokuwa utabiri juu ya watu watakaosafiri kulifuata jina limetimizwa na duka lenyewe, na waliotimiza wengi wao wanapenda kazi ile kwa dhati. Prada haikununua hata inchi moja ya nafasi hiyo.

Baadaye kampuni za anasa zikajifunza kuidaka dhihaka kabla haijatua. Mwaka 2017 Balenciaga iliuza kwa dola 2,145 mfuko wa ngozi wa buluu uliofanana na ule wa plastiki ambao IKEA ilikuwa ikiuuza wakati huo chini ya dola moja, na mwaka 2022 ikauza mkoba wa umbo la mfuko wa taka kwa dola 1,790. Louis Vuitton nayo mwaka 2017 ilimwita Jeff Koons, akauweka mchoro wa Mona Lisa kwenye mikoba. Mteja wa leo hununua bidhaa pamoja na kicheko juu yake, na kicheko hicho kimo ndani ya bei.

Kwa hiyo kesi mbili hizi zinapimana vizuri. Ni rahisi kusema kwamba moja ilipoteza makali kwa kukumbatiwa na nyingine ikayapata kwa kushtakiwa, na kwa kiasi fulani ndivyo. Lakini sababu iko ndani ya kazi zenyewe. Duka la jangwani linaionyesha anasa ikiwa peke yake, safi, chini ya taa. Ukiondoa wazo la msanii, kinachobaki ni dirisha la duka, na dirisha la duka hufanya kazi yake hata bila nia. Plesner aliuweka mkoba kwenye bega la mtu asiye na chakula. Hakuna meneja wa mauzo awezaye kuichukua picha hiyo akaitundika dukani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumkumbuka mtoto wa mchoro ule kuliko mkoba wake. Julai 2013, wakati Texas wakibishana juu ya sungura wa Playboy, askari saba wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika waliviziwa na kuuawa Darfur. Vita vipya vilivyoanza Khartoum Aprili 2023 vimerudi palepale, na Oktoba 2025 mji wa El Fasher ukaanguka baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka. Mahakama ya The Hague iliamua kwamba msanii ana haki ya kumweka mtoto wa Darfur mbele yetu pamoja na mkoba. Haikuwa kazi yake kutuamuru tutazame kipi kati ya hivyo viwili, na hilo ndilo shauri ambalo Plesner alilifungua dhidi yetu, si dhidi ya Louis Vuitton.